Chapati za Kwenda Bisil

Mume wangu alipoanza kukonda, Kitengela nzima ikawa daktari. Muuza mitumba alisema ni amiba. Kinyozi akasema ni taifodi, tena ile sugu, na papo hapo akataja duka la dawa la shemeji yake. Mchungaji aliona roho ya mauti ikimzunguka, akaomba tuifungie mlango kwa sadaka. Na wale ambao hawakutaja ugonjwa wowote walinitazama mimi, wakatazama kikaango changu, kisha wakanyamaza.

Mimi ni Wacuka, Mama Soipan, mwenye hoteli ya chapati na maharagwe nyuma ya soko. Ni mabati na benchi tu, lakini chapati zangu zinajulikana mpaka Isinya. Nick Kuntai, dalali wa ploti, aliletwa hapo na njaa mchana mmoja, akarudi jioni bila njaa, akaendelea kurudi mpaka akanioa. Watu wake wa Bisil hawakufurahi. Kijana wa Kimaasai mwenye ng'ombe aoe Mkikuyu wa kibandani! Wakasema nimemkalia chapati. Kama hujui matusi ya nchi hii, maana yake ni kwamba mwanamke ameikalia chapati kabla ya kumpa mwanamume, ili amtawale. Kwa wingi wa chapati ninazopika, ningezikalia zote ningekuwa nimeungua hadi mfupa. Lakini mjinga akishapata neno tamu, humwondolei mdomoni.

Kwa hiyo Nick alipoanza kuumwa, kesi yangu ilikuwa imeshaamuliwa. Tumbo lilimjaa gesi. Aliharisha mpaka akaacha kuwapeleka wateja kuona mashamba, kwa sababu dalali anayekimbilia kichakani katikati ya bei hauzi kitu. Mdomo ulijaa vidonda, damu ikapungua, suruali ikawa inashikwa na mshipi aliotoboa matundu mapya kwa msumari. Usiku nikimgusa mgongo nahesabu mbavu, na siwezi kusema kwamba sikuogopa. Niliogopa sana. Niliogopa atakufa, na niliogopa kwamba siku ya mazishi watu wote watakuwa wananitazama mikono.

Aliyeongoza kunitazama ni baba mdogo Emmanuel, mdogo wa marehemu baba yake Nick. Huyo ni mzee wa kanisa, na ni mwenyekiti wa kila kamati ambayo kikao chake kina chakula. Ana kofia ya ngozi asiyoivua ila kwa maombi, na ana tumbo lake mwenyewe ambalo halijawahi kumaliza ibada. Tangu niolewe sijamwona mahubiri yakifika mwisho akiwa ndani. Hutoka katikati, akitembea kwa heshima mpaka mlangoni, halafu mbio. Watu husema ni mambo ya uongozi, kwamba mzee ana simu nyingi.

Nilimpeleka Nick katika hospitali moja ya Kajiado, mahali ambapo watafiti wa chuo kikuu walikuwa wamepewa chumba cha kuchunguza magonjwa ya tumbo yasiyopona. Mkuu wao alikuwa daktari Linda Mulei, mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyeongea haraka kana kwamba ameegesha gari vibaya. Alimsikiliza Nick mpaka mwisho. Hilo peke yake lilikuwa jambo jipya, kwa sababu madaktari waliotangulia walikuwa wanaandika dawa ya minyoo kabla hajakaa.

"Kuna ugonjwa unaitwa seliaki," alisema. "Mtu akikula ngano, mwili wake unapigana na utumbo wake mwenyewe. Utumbo unalainika ndani, chakula kinapita tu bila kuingia mwilini. Sisi tulifunzwa hii ni ya Wazungu, huku haiko. Na kwa sababu haiko, hatuipimi. Na kwa sababu hatuipimi, haiko. Ndiyo hii research sasa."

"Ngano," nikasema. "Unamaanisha chapati?"

"Chapati, mkate, mandazi, biskuti. Lakini sijasema anayo, mama. Lazima tupime."

"Basi mpime."

Hapo ndipo uchangamfu wake ulipopungua. Vifaa vya kupimia damu vilikuwa bandarini Mombasa vikingoja muhuri. Serikali iliyokuwa na muhuri wa kufunga kibanda changu kila mwezi haikuwa na muhuri wa kufungua sanduku moja. Akasema tungeitwa vikifika. Halafu akanishika mkono. "Lakini sikiza, hii ni muhimu. Asiache ngano. Kila siku akule, hata kidogo, mpaka tumtoe damu. Akiacha, damu inajisafisha polepole na kipimo kitatudanganya. Tumeelewana?"

Tulielewana, ingawa nilitoka pale nimenuna. Nimelisha ukoo mzima kwa chapati, nimesomesha mtoto kwa chapati, leo mtu na shahada yake aniambie chapati ndiyo adui. Nilisema moyoni kwamba vifaa vikifika nitamthibitishia. Damu ya Nick itakuwa safi, na mimi nitakuwa safi pamoja nayo.

Hatukukaa hata mwezi. Baba mdogo Emmanuel alikuja na gari la kukodi na wazee wawili, akasimama mlangoni kwangu bila kuingia, asije akashikwa na kitu.

"Mama Soipan," alisema, "tumekuja kuchukua kijana yetu. Anaenda olpul."

Olpul ni kambi ya nyama. Wanaume huenda porini na ng'ombe wao, mbali na nyumba, wakachinja na kula na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi na magome ya olkiloriti, mpaka aliyekuwa mgonjwa arudi na nguvu. Mwanamke hakanyagi huko. Sikubisha, kwa sababu Nick mwenyewe aliitaka kama mtoto anavyomtaka mamake, na kwa sababu nyama haijawahi kumdhuru mtu wa kwao. Nilisema tu maneno ya daktari: kila siku ale ngano kidogo, la sivyo kipimo kitaharibika. Nilirudia mara mbili. Nitakuwa nawatumia chapati.

Baba mdogo alitabasamu. "Tuma," akasema. "Tuma tu, entito." Yaani msichana, mimi mama mzima.

Basi nikatuma. Jumanne na Ijumaa nilizifunga chapati ndani ya karatasi ya fedha, zikiwa bado na joto, nikazipa gari za Namanga zishushwe Bisil kwenye duka la mafuta. Nilichagua zile nzuri, za tabaka nyingi, wateja wakabaki na zilizoungua pembeni. Olpul ilipokwisha hawakumrudisha. Walimweka kwa mamake, palepale Bisil, azidi kupata nguvu, na baba mdogo akatoa amri kwamba aliyetoka olpul asile vya dukani, dawa isije ikaharibika. Aliyeniambia hayo alisahau kuniambia kwamba chapati zangu nazo zilihesabiwa kuwa za dukani. Miezi ikapita, vifaa viko bandarini tu. Mimi natuma.

Nikimpigia Nick simu, sauti yake ilikuwa imeanza kurudi. "Chapati zinafika?" namuuliza.

"Zinafika."

"Zote?"

"Zote, Mama Soipan. Hakuna hata moja imepotea."

Nilipomwona Desemba, tulipoitwa hatimaye kwenda kutolewa damu, nililia pale pale kwenye lango la hospitali. Mashavu yalikuwa yamejaa. Mshipi ulikuwa umerudi kwenye tundu lake la zamani. Alicheka, na nikagundua nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa kushoto. Nilimkumbatia mbele ya baba yake mdogo, jambo ambalo halifanywi, na sikujali.

Ndani, daktari Mulei alimuuliza lile swali moja lililokuwa na maana. "Miezi hii yote umekuwa ukikula ngano?"

Nick alitazama sakafu. Baba mdogo akajibu. "Daktari, kila kitu mke wake ametuma, kimekuliwa."

"Kila siku?"

"Mpaka makombo."

Nick akatikisa kichwa kukubali. Daktari akaandika. Damu ikatolewa, baba mdogo akamrudisha Nick Bisil, na wiki mbili baadaye nikaitiwa majibu: hana seliaki. Pengine ni msongo wa mawazo, daktari akasema, kazi ya udalali ina presha. Alionekana kuvunjika moyo kidogo, kama mtu aliyekosa ploti ya kona. Sikumhurumia. Nilitoka pale nimeinua shingo.

Lo, nilivyotamba! Siku hiyo nilipita soko lote bila kununua kitu. Nilimwambia kinyozi. Nilimwambia muuza mitumba. Rafiki yangu Wamaitha, niliye naye kwenye chama cha akina mama, nilimsimulia mpaka akaniomba nipumue. Mume wangu amekula chapati zangu miezi yote ile na amenawiri! Sayansi yenyewe imesema! Sasa nani alikuwa anasema nimezikalia? Ajitokeze basi, nimpe benchi aonyeshe namna inavyokaliwa. Hakuna aliyejitokeza. Waoga wote.

Baba mdogo naye alikuwa na kutamba kwake. Alikuwa ameanza kuuza unga wa magome katika chupa, na kwenye chupa kuna picha yake mwenyewe ameshika rungu, chini imeandikwa kwamba inatibu tumbo, nguvu, kisukari na mikosi. Mwezi wa Januari akaitisha sherehe ya shukrani Bisil ili watu wote wamwone Nick na wanunue chupa. Mimi niliombwa kupika. Niliona huo ni ushindi wangu. Nilipanda na wanawake wa chama, pakiti za unga na vikaango, tukapika tangu alfajiri mpaka mikono ikafa ganzi. Kwetu sherehe bila chapati ni mkutano tu.

Yeyo, mama mkwe wangu Naserian, alikaa kwenye kigoda akinitazama nikisukuma. Huyo hakuwahi kunitukana. Hunitazama tu, na shanga zake zinalia kidogo akigeuza kichwa. Kwa miaka yote ya ndoa yangu maneno yake kwangu yangeenea kwenye kiganja.

Chakula kilikuwa hakijaombewa bado, lakini Nick alikuwa ameshachota. Miezi yote hiyo na alikuwa na hamu! Nilimwona amekaa na wenzake wa rika, ana chapati mkononi, nyingine zimeshashuka, na nikafurahi kwa moyo wote. Nilikuwa nimesimama na sinia pale karibu naye wakati baba mdogo aliposhika kipaza sauti.

Alimshukuru Enkai, Mungu wa kwao. Alimshukuru mheshimiwa ambaye hakufika. Akashukuru magome. "Watu wa mjini," akasema, "watu wa makaratasi, walituambia huyu kijana lazima akule ngano kila siku. Ngano, kwa mgonjwa! Na wakatutumia chapati. Mimi nikasema, kitu imepikwa na mwanamke haiingii olpul. Haijawahi kuingia, na haitaingia mimi nikiwa hai." Wazee wakaguna kukubali. "Na hata kwa boma, mtu ametoka olpul halishwi vya mjini. Sasa tufanye nini na chapati? Tukapatia mbwa. Zote! Tangu siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho. Muulize yeye. Mbwa wamenona mpaka wanashindwa kubweka!"

Watu walicheka. Wanawake wa chama changu walicheka pia kabla ya kukumbuka chapati zilikuwa za nani. Mimi sikucheka, na wala sikukasirikia mbwa. Kwanza niliona karatasi za fedha, zile nilizozikunja kwa uangalifu joto lisitoke. Halafu nikasikia sauti ya daktari Mulei ikisema damu inajisafisha polepole. Halafu nikamtazama mume wangu mnene, mwenye afya, ambaye tangu mvua za masika hakuwa ameweka ngano mdomoni hata kidogo. Na leo ameshakula nne.

Wakati mwingine mtu hufahamu jambo na wakati huo huo analichukia. Nilijua, pale pale na sinia mkononi, kwamba sikuwa nimeshinda kitu. Si magome yaliyomponya. Alipona kwa sababu alikuwa mbali na jikoni kwangu. Yale yote niliyowatambia kinyozi na muuza mitumba yalikuwa upuuzi, na nilikuwa nimetamba kwa sauti kubwa kuliko mjinga yeyote wa soko lile.

Nick alikuwa anapeleka ya tano mdomoni. Niliweka sinia chini, nikavuka wale wazee, nikaipiga ile chapati ikamruka mkononi ikaangukia mavumbini.

"Mnaona?" akasema baba mdogo, kwenye kipaza sauti. "Mnaona sasa mambo ya huyu mama?"

Asubuhi yake Nick alikuwa amejikunja kitandani kwa mamake, jasho linamtoka, na safari za choo zimeanza. Bisil nzima ikajua la kusema. Alikula kwa mkewe jana, leo anakufa. Tena mkewe mwenyewe alishtuka akampiga mkono, kwa sababu alijua alichokitia.

Nilimrudisha Kitengela siku hiyo hiyo. Nikampigia daktari Mulei, nikamwambia habari ya mbwa. Akapaza sauti mpaka nikaitenga simu na sikio. "Lakini nilimuuliza! Si nilimuuliza mbele yako?"

Nikamgeukia Nick. "Kwa nini ulimdanganya daktari?"

"Sikudanganya. Nilinyamaza."

"Ulitikisa kichwa!"

"Baba mdogo alikuwa ameshaongea." Alifumba macho. "Na mambo ya olpul haiambiwi wanawake."

"Yule ni daktari, Nick."

"Si ni mwanamke?"

Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na tangi la maji, kwa sababu ningebaki ndani ningemmalizia kazi iliyoanzwa na ngano. Watu wamesoma miaka ishirini, wamevusha vifaa baharini, wameng'oa muhuri kwa serikali, halafu utafiti wote unaanguka kwa sababu wanaume wazima wanaona haya kumwambia mwanamke walichokula.

Daktari Mulei alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba sasa anaamini kwa kiasi kikubwa ni seliaki, na Nick akiacha ngano kabisa, maisha yake yote, atapona. La pili, kwamba kuthibitisha kunataka ale ngano tena kila siku kwa wiki sita, halafu damu, halafu kamera ishushwe tumboni. "Simlazimishi," akasema. "Ni yeye ataamua. Na akizidiwa, tunasimama."

Mimi sikuhitaji uthibitisho. Nilimwambia Nick aache, tule ugali na viazi tuishi. Alikaa kitandani, amejifunga shuka mabegani, uso umeanza tena kuingia ndani.

"Nikiacha kukula kwako hivi hivi, watasema nini?" akauliza.

"Waseme. Lini walikosa la kusema?"

"Watasema mchawi ameshikwa. Watasema nimegundua mke wangu ni sumu, nikaogopa mkono wake. Na Soipan atasikia hiyo maneno mpaka aolewe." Alivuta pumzi. "Nataka daktari aseme ni ngano. Nataka aandike. Si wewe, ni ngano. Nitakula."

Nimemdharau mume wangu kwa mambo mengi, na ninayo haki. Ni dalali, si mtakatifu. Lakini siku hiyo niliinuka nikaenda kukanda unga.

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa kile hasa walichosema ni mimi. Kila asubuhi, kwa mikono yangu, nilimpikia mume wangu kitu kinachomuua. Nilikata chapati vipande vidogo. Alivimeza kwa chai ya rangi kama dawa, macho yamenikazia, kisha tukangoja. Vidonda vilirudi mdomoni. Mshipi ukarudi kwenye matundu ya msumari. Wateja walimwona akipita kwenda chooni akishika ukuta, na walinong'ona huku wakitafuna chapati zangu, maana chuki haijawahi kumzuia mtu wa Kitengela kula.

Katikati ya wiki hizo Yeyo alikuja. Hakutuma habari. Alishuka na mfuko wake na kigoda chake, akakaa jikoni pembeni, akanitazama. Nilijua ametumwa kuniangalia. Alimwona mwanawe asubuhi ya kwanza akila na kujikunja. Aliona ya pili. Nilimweleza yote kwa Kiswahili chepesi, kuhusu damu, kuhusu utumbo, kuhusu mbwa. Sikujua ameshika nini. Nilimwambia kama anataka kumchukua, amchukue, sitamzuia, kwa sababu nimechoka.

Asubuhi ya tatu mikono yangu ilikataa. Nilikuwa nimekata vile vipande, nimeshika sahani, na miguu haikwenda chumbani. Nilisimama katikati ya jikoni nikilia kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza pesa. Shanga zililia. Yeyo alikuwa ameinuka.

"Lete," akasema.

"Yeyo, ni chapati hii. Ni ile ile."

"Najua ni nini." Akaichukua sahani mkononi mwangu. "Kutoka leo ni mimi nampa. Wakisema ameuliwa, waseme ni mama yake."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Tangu siku hiyo mimi nilipika, yeye akalisha, mpaka siku ya damu ilipofika. Kila gari lililotoka Bisil na mtu wa kuja kuchungulia, yeye ndiye aliyekuwa amekaa mlangoni na sahani mapajani, na mchunguzi akageuka kama aliyepotea njia.

Safari hii damu haikudanganya. Kamera nayo ikashuka, na daktari Mulei akatuonyesha picha kwenye kompyuta: utumbo wa mtu mwenye afya huwa na manyoya madogo madogo kama zulia, wa Nick ulikuwa umenyolewa. Ni seliaki. Aliandika. Nick aliisoma ile karatasi mara nyingi, akaikunja, akampa mamake ambaye hajui kusoma, naye akaitia ndani ya nguo kifuani. Jioni hiyo tulikula ugali na nyama, na sasa ndiyo chakula cha nyumba yetu. Nick amerudi kazini, anauza ploti zisizo na maji kwa watu wa Nairobi kwa afya njema kabisa.

Lakini daktari alikuwa na neno moja la mwisho. Ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo. Alitaka ndugu wote wapimwe. Soipan alipimwa, mwenyewe anakula kila kitu, akaonekana hana. Yeyo alipimwa, hana. Akabaki mtu mmoja ambaye daktari, baada ya kumuuliza maswali yake ya haraka haraka, alimtazama kwa hamu kubwa sana. Huyo alikuwa na tumbo la kukimbia tangu ujana. Huyo hakuwahi kumaliza ibada. Na huyo, tangu asikie habari za Nick, alikuwa ameacha chapati, mkate na mandazi kimya kimya, bila kumwambia yeyote, huku akiendelea kuuza chupa zenye picha yake. Tumbo lilikuwa limetulia kwa mara ya kwanza katika maisha yake, lakini kipimo sasa hakiwezi kusoma kitu.

"Mzee," daktari akamwambia mbele yetu sote, "itabidi urudi kwa ngano. Wiki sita. Kila siku. Na safari hii nataka kuambiwa na mtu ambaye amekuona ukimeza."

Wote walinigeukia mimi.

Alikuja hoteli Jumatatu, wateja wakiwa wamejaa. Mtu aliyesimama nje ya mlango wangu asiguswe na uchawi aliingia, akatafuta nafasi, akakaa kwenye benchi kati ya makanga wawili wa matatu. Yeyo alikuwa kwenye kigoda chake karibu na jiko. Alimtazama shemeji yake kama ambavyo alinitazama mimi miaka yote.

Nilimwekea sahani. Chapati moja, nzuri, ya tabaka nyingi, nimeikata vipande. Hata chai nilimtilia. Baba mdogo alivua kofia yake ya ngozi, akaishika kwa mikono miwili, akaanza kuomba, na maombi yakaenda mbali sana: akaombea nchi, akaombea mvua, akaombea viongozi. Nilisimama na kijiko cha maharagwe mpaka akakosa mtu mwingine wa kuombea.

"Amina," nikasema. "Haya, baba, kula. Hapa kwangu hakuna mbwa."